Mguu ni wapi? Maneno ya mwili kwa anayefika wa kwanza kwenye ajali

Msomaji mmoja, dereva wa bodaboda hapo Mikumi, ameuliza hivi:

"Shikamoo daktari. Kijiweni kwetu tulifundishwa huduma ya kwanza kwa siku tatu, maana ajali za barabara ya Zambia mara nyingi sisi ndio tunaofika kwanza. Tulipewa kitini chenye picha ya mwili na majina mengi sana, mengine ya Kizungu kabisa. Juzi nilipiga simu hospitali kwa ajili ya mtu aliyegongwa. Muuguzi akaniuliza maswali matatu, nikababaika, mwisho nikasema tu 'njooni ameumia vibaya'. Je, nikariri majina yapi ili nieleweke, na yapi niachane nayo?"

Marahaba, kijana wangu. Nikusahihishe jambo dogo kwanza: mimi ni ofisa tabibu, si daktari. Lakini nimeshazoea, mtaani kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata anayeuza dawa za panya.

Majina ya Kizungu na ya Kilatini achana nayo kwa sasa. Sijawahi kuona mtu amecheleweshewa huduma kwa sababu mpiga simu hakujua kusema "femuri", yaani mfupa wa paja. Nimewaona waliocheleweshewa kwa sababu mpiga simu alisema "mguu".

Kiswahili chetu kinaita mguu kuanzia nyongani mpaka ukucha wa kidole gumba. Nyumbani haitusumbui, kwenye simu ya ajali ni balaa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya wilaya, tuliambiwa: "Tunamleta mtu kavunjika mguu." Tukaandaa banzi fupi la muundi, yaani sehemu ya mbele chini ya goti, tukarudi kwenye kazi nyingine. Gari lilipofika tukamkuta kijana paja lake la kushoto limejaa mpaka suruali imekaza, midomo imepauka, jasho jembamba linamtoka, na neno lake lilikuwa moja tu: maji. Chini hapakuwa na tone la damu. Damu yote ilikuwa imo humo humo pajani.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja hadi moja na nusu inaweza kumwagikia ndani ya nyama bila wewe kuona chochote. Ichukue ile chupa kubwa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, iweke juu ya paja lako uitazame. Ndiyo hiyo. Muundi hauna nafasi ya kuficha kiasi hicho. Kwa hiyo "paja" na "muundi" kwetu ni wagonjwa wawili tofauti: mmoja tunamwandalia dripu na damu, mwingine anaweza kusubiri kidogo.

Basi kata neno "mguu" vipande: nyonga, paja, goti, muundi kwa mbele na shavu la mguu kwa nyuma, kifundo, kisigino, wayo, vidole. "Mkono" nao vivyo hivyo: bega, kwapa, sehemu ya juu ya mkono, kiwiko (Pwani watakwambia kisukusuku), kigasha, kifundo cha mkono, kiganja. Na ule mfupa unaokimbia kutoka shingoni hadi begani, ambao waendesha pikipiki huuvunja wakianguka na bega, unaitwa mtulinga. Majina haya unayo tangu utotoni. Ni kuyatumia tu mahali ambapo ulimi umezoea kusema "mguu" na "mkono".

Kwenye nyonga nikuweke kidogo. Watu husema "kiuno" wakimaanisha mgongo wa chini, na husema "kiuno" tena wakimaanisha nyonga. Nyonga ni mifupa iliyofungana kama pete, na ndani yake inapita mishipa mikubwa ya damu. Pete hiyo ikipasuka, tuseme gari limempandia mtu, inaweza kumwaga damu nyingi kuliko hata paja. Usiitikise wala kuibonyezabonyeza kuona kama imevunjika, utaamsha damu iliyokuwa imeanza kuganda. Kunja kitenge kiwe kipana, mpitishie kwa chini, umfunge kwa kukaza. Ila si usawa wa mkanda wa suruali, ambako wengi hufunga. Shuka chini, pale ubavuni mwa nyonga unapogusa mfupa umejitokeza, mahali paja linapoanzia. Ukifunga kiunoni hujaibana pete hata kidogo.

Upande nao: kulia ni kulia kwa mgonjwa. Ukisimama mbele yake, mkono wako wa kulia unaelekea kushoto kwake, na hapo hata wauguzi wazoefu huteleza. Mguse bega huku unasema "kulia", ndipo uongee kwenye simu.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi kuliko yote: mshipa. Mtu anaweza kusema "mshipa" akimaanisha mrija wa damu. Anaweza kumaanisha neva inayopeleka hisia, au ule ukano mgumu unaoshika msuli kwenye mfupa. Mzee akikwambia "nina mshipa" huku anaona aibu, huenda anazungumzia ngiri. Wewe hutafundisha taifa Kiswahili upya ukiwa umepiga magoti kwenye lami. Badala ya kutaja mshipa, taja kinachotokea. "Damu inaruka kwa mapigo" ina maana mrija unaotoka moyoni, ateri, umekatika, na una dakika chache. "Damu inatiririka" mara nyingi ni vena, mrija unaorudisha damu, na kukandamiza kwa nguvu bila kuachia huwa kunatosha. Hata hiyo inayoruka unaanza nayo hivyo hivyo: kitambaa, kiganja, uzito wa mwili wako wote. Na usifunuefunue kila baada ya muda kuchungulia. "Vidole vimekufa ganzi" au "hawezi kuinua kiganja" ni neva au mzunguko wa damu, na hayo utayaripoti kama yalivyo.

Kuna jingine ambalo limenifunza unyenyekevu. Pale juu ya kitovu, chini kidogo ya ncha ya mfupa wa kifua, panaitwa chembe cha moyo. Jina lina moyo, lakini chini yake kuna tumbo la chakula. Kwa hiyo mama akisema "chembe inaniuma", wengi tunafikiria vidonda vya tumbo au kiungulia, tunampa dawa ya kutuliza asidi. Mara nyingi tunakuwa sahihi. Ila ukuta wa chini wa moyo umekalia diaframu, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na moyo ukikosa damu upande huo maumivu yanaweza kusikika hapo hapo chembe. Wanawake, wazee na wenye kisukari ndio hasa ambao moyo wao huuma bila kifua kuuma. Ukimkuta mtu wa makamo anashika chembe huku jasho jembamba linamtoka, pumzi zinakatika, anataka kutapika, usiseme kwenye simu "anaumwa tumbo". Sema "anashika chembe, anatoka jasho, anahema". Wa upande wa pili atajua la kufanya.

Kinyume chake kipo. Mtu akisema "moyo unaniuma" muulize kwanza kwa kidole. Huenda amefiwa.

Na hii ya kidole ndiyo ningetaka ukae nayo: mwambie mgonjwa "nionyeshe kwa kidole kimoja". Hiyo barabara yenu ina madereva wa Zambia na wa Kongo, na Kiswahili cha Lubumbashi si cha Morogoro. Usibishane na neno. Akionyesha kwa ncha ya kidole kimoja, maumivu yana mahali maalumu, labda ubavu umevunjika. Akipapasa kwa kiganja kizima au akikunja ngumi juu ya kifua, hilo ni la ndani, na mimi nikiwa kwenye simu nitataka kulijua.

Lakini kidole nacho kina udanganyifu wake mmoja ambao lazima uujue, kwa sababu unawahusu hasa ninyi wa pikipiki. Dereva ameanguka, usukani umempiga mbavu za chini upande wa kushoto. Anasimama, anacheka, anakung'uta vumbi. Baada ya nusu saa analalamika bega la kushoto, akilala chali ndiyo linazidi. Unalitazama bega: halina mchubuko, linazunguka vizuri. Nyuma ya mbavu hizo alizopigwa kumekaa bandama, wengine wanaiita wengu, kiungo laini chenye damu nyingi. Ikipasuka, damu inatambaa na kuichokoza diaframu kwa chini. Neva ya diaframu inatoka shingoni, mahali pamoja na neva zinazohudumia ngozi ya bega. Ubongo unapokea habari na kukosea anwani, unasema "bega". Huyo ni wa kukimbizwa hospitali hata kama anataka kurudi kijiweni. Upande wa kulia chini ya mbavu kuna ini, nalo likipasuka linamwaga damu vilevile.

Kwa kuwa tumeigusa neva hiyo: ndiyo sababu mnaambiwa shingo isichezewe. Mgongo una pingili, saba za kwanza zikiwa za shingo, na ndani ya pingili unapita uti wa mgongo wenyewe, kamba ya neva. Watu huita vyote viwili "uti wa mgongo", mfupa na kamba, na nusu ya wanaosikia hufikiri unazungumzia homa. Wewe sema "pingili" kwa mfupa. Neva za diaframu hutokea kwenye pingili za tatu, nne na tano za shingo. Kamba ikiumia chini ya hapo, diaframu inaendelea kufanya kazi lakini misuli ya mbavu inalala: utaona tumbo linapanda na kushuka na kifua kimetulia tuli. Hiyo "anapumua kwa tumbo tu" ni sentensi ya dhahabu kwenye simu. Ikiumia juu ya hapo, hapumui kabisa.

Pumzi zenyewe zina maneno mazuri kwetu, yatumie. Anahema, anatweta, anakoroma: kila moja ni picha yake. Aliyepoteza fahamu na anakoroma hajalala usingizi mtamu. Ulimi wake umeangukia nyuma na umebana njia ya hewa, inua taya la chini uone kama sauti inakwisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 tunaita pumzi za haraka, na kichanga chini ya miezi miwili hata 60 ndiyo tunaanza kuhesabu kuwa nyingi. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa kipimo cha baba yake. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kukadiria kwa macho huwa kunadanganya.

Lipo pia lile jambo ambalo wazee wetu waliliita kukata roho. Moyo umesimama, lakini kwa dakika kadhaa mtu anavuta pumzi moja kubwa ya kukwama, kimya kirefu, kisha nyingine, kinywa wazi kama samaki aliyetolewa majini. Walio pembeni watakwambia "bado anapumua, muache". Hapumui huyo. Haitiki na hapumui kawaida: anza kukandamiza kifua, katikati, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kifua kirudi juu kila mara. Usipoteze muda kutafuta mapigo shingoni. Hata sisi hospitalini tunajipa sekunde 10 tu, na bado tunakosea. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi.

Kuhusu fahamu, neno "amezimia" halinitoshi, na "amekata kauli" ndiyo kabisa: mmoja anamaanisha hawezi kuongea kwa kiharusi, mwingine anamaanisha tuchimbe kaburi. Hospitalini tunatumia kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974 chenye alama 3 hadi 15, wewe hukihitaji. Ngazi nne zinatosha: yuko macho, anaitika akiitwa, anaitika akifinywa tu, haitiki kabisa. Pima mara moja unapofika, pima tena gari likija, uniambie zote mbili. Aliyekuwa macho na sasa anaitika kwa kufinywa tu ananitisha kuliko aliyekuwa hivyo tangu mwanzo.

Neno "mshtuko" ningelifuta kwenye kitini chenu kama ningeweza. Limewekwa pale likimaanisha hali ambayo damu ya kutosha haizifikii sehemu za mwili, iwe imemwagika au moyo umechoka kuisukuma. Lakini kwa Mswahili, aliyepata mshtuko ni aliyeshtuka, na dawa yake ni kumpa maji na kumtuliza. Nimeshapokea majeruhi waliopewa soda njiani kwa sababu "alikuwa na mshtuko". Sema badala yake "damu haimtoshi", kisha taja unachokiona. Mapigo ya haraka, zaidi ya 100 kwa mtu mzima aliyelala. Jasho jembamba. Mikono baridi. Kiu. Wasiwasi, anataka kuinuka bila sababu. Ngozi zetu hazionyeshi weupe kama kwenye picha za vitabu, kwa hiyo tazama fizi, ndani ya kope la chini na viganja. Bonyeza ukucha sekunde 5, achia, hesabu: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mzunguko una shida, ingawa kwa aliyepigwa na baridi ya usiku kipimo hiki hudanganya. Na usisubiri presha ishuke ndipo uamini. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla presha haijaporomoka, na ikiporomoka huwa ghafla.

Presha yenyewe, mgonjwa akikwambia "nina presha", muulize ya kupanda au ya kushuka, na dawa gani anameza. Sukari hivyo hivyo.

Kwa mjamzito una neno moja ambalo kitini hakina na kila mama analo: chupa. "Chupa imepasuka" inaeleweka na kila muuguzi wa Tanzania, usihangaike kutafuta jina la kitabuni. Ongeza mimba ni ya miezi mingapi, uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi, na kama kuna kitu kimetangulia kutoka. Mimba ikiwa kubwa usimlaze chali muda mrefu. Mfuko wa uzazi unaukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na anaweza kuzirai mbele yako. Mlaze kwa ubavu wa kushoto.

Sasa turudi kwenye simu yako ya juzi. Ungeniambia hivi ningekushukuru: "Mwanaume, kama miaka 30, amegongwa dakika 20 zilizopita. Yuko macho lakini anachanganya maneno. Anapumua mara 28 kwa dakika. Paja la kulia limepinda katikati na limevimba, hakuna jeraha la wazi. Wayo wa kulia ni baridi kuliko wa kushoto, vidole anavitikisa. Jasho jembamba linamtoka." Hesabu mwenyewe: hakuna neno la Kizungu humo, na hata nusu dakika haikuisha. Nikisikia hivyo naita wa maabara aamke kabla gari halijaondoka kwenu.

Kitini usikitupe. Chukua kalamu, pembeni mwa kila mshale wa picha andika neno la kijiweni kwenu, hata lile mnalolisema kwa utani. Siku ya ajali ndilo litakalokuja mdomoni. Halafu mfanye zoezi: mmoja alale chini, mwingine aripoti kwa simu akiwa amegeuka mgongo, wa tatu anayesikiliza aweke kidole mahali alipoelewa. Mtacheka sana mara ya kwanza.

Na kabla ya neno lolote la mwili, anza na mahali mlipo na namba yako ya simu. Taja namba ya nguzo ya kilomita kama unaiona, na mnaelekea upande wa Morogoro au wa Iringa. Simu ikikatika katikati ya paja, angalau gari litajua lije wapi.